Kunoa wembe wa kukunja wa kizamani ukiwa Dar

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja niliununua Karume, pale Ilala, kwa muuzaji aliyekuwa ametandaza turubai lenye bisibisi, koki chakavu na makufuli yasiyo na funguo. "Chukua kaka, huo wa Mjerumani, utamrithisha mwanao," aliniambia. Nikatoa elfu kumi na tano bila hata kuomba punguzo. Nilipofika nyumbani Magomeni niliusugua kwa msasa mpaka uking'aa kama kijiko cha harusi. Kesho yake ndipo nilipoona mambo mawili: nilikuwa nimefuta maandishi yote, na ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umepanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni. Wembe ule haujawahi kunyoa hata udevu mmoja. Hadi leo unafungulia bahasha.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na macho. Jiwe litakuja baadaye, na ukikagua vizuri huenda ukagundua kwamba wembe ulio nao hauhitaji kufika huko kabisa.

Majina kabla ya kazi

Wembe ninaouzungumzia ni ule unaojifungia ndani ya mpini wake, uliotawala dunia kabla ya King Camp Gillette kuanza kuuza nyembe za kutupa mwaka 1903. Usiuchanganye na kile kishikio cha vinyozi wa leo kinachochomekwa nusu ya kiwembe. Kile hakinolewi, kinabadilishwa kiwembe tu.

Sehemu pana ya chuma ni bapa. Upande mnene ni mgongo, upande mkali ni makali. Mwisho wa mbele ni ncha, mwisho wa nyuma ni kisigino. Kuanzia kisigino kwenda kwenye mpini kuna kipande kinene kisichokata: nitakiita shina, na hapo ndipo maandishi hugongwa. Vibao viwili vya mpini hushikwa na ribiti.

Upana wa bapa hupimwa kwa thumni za inchi, yaani sehemu za nane. Wembe wa thumni tano una milimita 16 hivi, wa thumni sita una 19. Anayeanza atafute mojawapo ya hizo mbili. Mwembamba zaidi huwa umeliwa sana na mawe, na mpana zaidi ni mzito kwa mkono usiozoea.

Halafu kuna umbo. Nyembe za zamani kabisa zina mbavu zilizonyooka kuanzia mgongoni hadi kwenye makali, kama kabari. Za baadaye zimekombwa pande zote mbili, ukizitazama kwa nchani unaona kiuno kimeingia ndani. Wembe wa kabari unahitaji jiwe na subira nyingi kwa sababu chuma cha kuondoa ni kingi. Uliokombwa hunoleka haraka. Chukua uliokombwa, kabari utakutana nayo ukishakomaa.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kutoa hela

Ukipita kwenye meza za vitu chakavu Karume au Gerezani, beba vitu viwili: simu yenye tochi na lenzi ndogo kama ya fundi saa. Muuzaji akikukataza kuufungua wembe, mrudishie na uende zako.

Anza na ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa wembe hauzibwi. Mulika bapa kwa ubavu, tembeza mwanga kutoka kisigino hadi ncha, kila upande. Kisha gusa makali kwa ukucha kutoka ubavuni, kwa upole kabisa, kama unayeamsha mtoto. Wembe uliokombwa na ulio mzima hulia kwa sauti nyembamba inayodumu. Wenye ufa hulia mfu.

Kutu ni suala la mahali ilipo. Kutu nyekundu ya juujuu hutoka. Madoa meusi mgongoni au katikati ya bapa hayana madhara, yaache. Kinachoua wembe ni vishimo vya kutu vilivyo kwenye milimita moja au mbili za mwisho kabla ya makali. Ukinoa utafika kwenye kishimo, makali yatamegeka, utanoa tena, utafika kwenye kingine. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, kwa hiyo nyembe nyingi zilizokaa hapa zina tatizo hili. Nakataa saba kati ya kila kumi ninazozishika kwa sababu hiyo peke yake.

Tazama pia mstari wa makali kwa ubavu. Yakiwa yamenyooka ni vizuri. Yakibinuka nje kidogo katikati, mfano wa mdomo unaotabasamu, yananoleka. Yakiwa yameingia ndani katikati, wembe umenuna, na kuusawazisha ni kazi ya fundi mzoefu. Pengo dogo kama punje ya mchanga hutoka kwa jiwe. Pengo unaloliona ukiwa umenyoosha mkono, achana nalo.

Mwisho mgongo. Utaona mstari bapa unaong'aa kila upande, alama ya mawe ya wenye wembe waliotangulia. Mistari miwili myembamba inayolingana ni ya kawaida. Upande mmoja ukiwa mpana mara mbili ya mwingine, wembe umepinda au ulinolewa na mtu asiyejali.

Mpini unastahili neno lake. Pembe ya ng'ombe na mfupa ni salama. Seluloidi, plastiki ya kale inayoigiza gamba la kobe au pembe ya ndovu, huoza kwa ndani na kutoa gesi inayotia bapa kutu. Ukiona kutu imejipanga sawasawa na pale bapa linapolala ndani ya mpini, na ukisikia harufu ya kafuri, ni huyo. Usiijaribu kwa moto, inawaka vibaya sana. Na kama mpini ni pembe ya ndovu ya kweli, ile yenye mistari inayopishana kama wavu ukiitazama sehemu iliyokatwa, usiununue. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukutwa na nyara bila kibali ni kesi, na maelezo kwamba ulikuwa unataka kunyoa ndevu hayatakusaidia.

Hatua ya pili: soma shina

Miji minne ndiyo utakayokutana nayo zaidi: Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Thiers ya Ufaransa na Eskilstuna ya Uswidi. Yote ilijua kazi. Kwa anayeanza, mji una maana ndogo kuliko hali ya makali, ingawa muuzaji ataimba "Solingen" kama adhana.

Umri unaweza kuukadiria. Herufi VR zenye taji ni za enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. WR zenye taji ni za William wa Nne, 1830 hadi 1837. Jina la nchi limeandikwa, kwa mfano "Germany" au "England"? Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ikazilazimisha bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Wembe wenye jina la nchi mara nyingi ni wa baada ya hapo. Usigeuze hoja hiyo kichwa chini: kukosa jina la nchi hakuthibitishi kwamba wembe ni wa kale zaidi, kwa sababu si kila wembe ulisafirishwa, na maandishi hufutika. Mimi ni shahidi.

Maneno "Cast Steel" huwadanganya wengi wakadhani ni chuma cha kusubu kama cha jiko la mkaa. Ni pua, yaani feleji, iliyoyeyushwa ndani ya vyungu, ufundi alioanzisha Benjamin Huntsman kule Sheffield katika miaka ya 1740, na ilikuwa fahari ya wakati wake. "Rostfrei" kwa Kijerumani ni pua isiyoshika kutu. Hiyo ni ya karne ya 20. Kwa mji wenye unyevu kama huu ina faida, ila ni ngumu zaidi kwenye jiwe. Mapacha wawili waliosimama bega kwa bega ni alama ya J. A. Henckels wa Solingen, iliyosajiliwa mwaka 1731, na watu hulipa zaidi kwa ajili yake.

Piga picha ya shina kabla hujagusa chochote.

Hatua ya tatu: safisha kidogo tu

Funga makali kwa tepu. Lowesha bapa kwa mafuta ya taa, liache usiku mzima, kisha futa kwa kitambaa. Kutu iliyobaki, zungushia msasa wa maji namba 1000 kwenye kipande cha mpira, tia mafuta, sugua kwa urefu wa bapa, halafu maliza na namba 2000. Vidole visielekee kwenye makali hata mara moja. Shina usiliguse kwa msasa. Dawa ya kung'arishia shaba kwenye kitambaa inatosha.

Usitumie jiki wala maji yoyote ya klorini. Yanaua vijidudu, ni kweli, na yanakula chuma.

Halafu simama. Wembe wa miaka mia una haki ya kuwa na madoa.

Hatua ya nne: mawe, na yale yasiyo mawe

Yule kaka anayepita mtaani na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka ananoa visu na mapanga vizuri, lakini wembe usimpe. Jiwe kavu linalozunguka hupasha makali moto kwa sekunde chache, na chuma kikigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeondoka. Jiwe la pande mbili la dukani Kariakoo, lile la kijivu la maseremala, nalo ni la chengachenga kubwa mno.

Unachohitaji ni mawe ya maji, yale yanayonolea yakiwa yameloweshwa, ya namba 1000, 4000 au 5000, na 8000; namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi. Namba 12000 ni anasa nzuri. Kuyapata hapa mjini ni bahati. Wengi wetu huagiza mtandaoni au humtuma ndugu anayerudi safari. Kwa namba ya kwanza kuna njia ya mkato ninayoipenda: nenda kwa fundi vioo akukatie kipande cha kioo kinene cha milimita 10, chenye ukubwa wa sentimita 8 kwa 25, akupigie kingo msasa. Bandika juu yake msasa wa maji namba 2000 kwa maji tu. Namba za msasa na za mawe ya Kijapani si moja. Msasa wa 2000 una chembe za maikroni 10 hivi, jiwe la 1000 lina 15 hivi, kwa hiyo wewe tayari uko vizuri. Msasa utachakaa haraka, badilisha.

Kioo hicho hicho kitakusawazishia mawe. Chora miraba ya penseli juu ya jiwe, lisugue juu ya msasa wa namba 400 wenye maji hadi miraba yote itoweke. Jiwe lenye bonde katikati litakupa wembe wenye makali ya uongo.

Hatua ya tano: mshazari, ambao ndio kazi yenyewe

Mshazari ni ule mteremko mwembamba wa kila upande unaokutana na mwenzake kwenye makali. Uzuri wa wembe huu ni kwamba haukuombi ushike pembe kwa jicho. Unaulaza kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, na umbo lake linaweka pembe. Wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 hukupa nyuzi 16 hivi. Ukibandika tepu ya mafundi umeme mgongoni kuulinda usiliwe, pembe inaongezeka karibu nyuzi moja, na hilo halina ubaya mradi utumie tepu hadi mwisho.

Sasa chukua peni ya maka, paka rangi mstari mzima wa makali pande zote mbili. Lowesha jiwe. Laza wembe, sukuma makali yakitangulia, kama unayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Ukifika mwisho, geuza juu ya mgongo, rudi na upande wa pili. Kwa kuwa jiwe ni jembamba kuliko urefu wa wembe, anza karibu na kisigino na umalizie nchani, mkono ukichora mkono mmoja wa herufi X. Uzito wa mkono uwe ule wa wembe wenyewe pamoja na kidole kimoja kilichotulia. Wanaokandamiza hupinda bapa, na bapa likipinda, makali huondoka kwenye jiwe wakati wao wanadhani wananoa.

Baada ya mipito kumi tazama rangi. Ilipofutika hadi ukingoni kabisa, jiwe limefika. Ilipobaki, halijafika. Hapo ndipo subira ya watu hukatika. Mara nyingi rangi hubaki nchani au kisiginoni, nao huona zilizobaki ni milimita tatu tu, wanahamia jiwe la 4000. Usihame. Jiwe laini haliwezi kumaliza kazi ya jiwe kali. Litang'arisha tu kosa lako. Nimewahi kukaa kwenye jiwe la kwanza dakika tisini kwa wembe mmoja wa Sheffield, umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu.

Kipimo cha kwanza ni mwanga. Elekeza makali juu chini ya taa: makali halisi hayaonekani, ni mstari mweusi. Ukiona nukta inayometa, hapo pana ubutu. Kipimo cha pili ni nyanya iliyoiva. Weka wembe juu ya ganda bila kusukuma, uvute kidogo. Unapaswa kuzama wenyewe, kisiginoni, katikati na nchani. Kipimo cha tatu ni vinyweleo vya mkono, vikatwe karibu na ngozi kwa urefu wote wa makali. Vyote vitatu vikikubali, mshazari umekaa.

Mtu akikwambia apime kwa kidole gumba, mwache apime. Kidole ni chake.

Hatua ya sita: kupanda

Kuanzia hapa kazi ni nyepesi. Kwenye 4000 pitisha mara thelathini au arobaini kila upande, ukipunguza uzito wa mkono kadiri unavyokwenda, hadi mikwaruzo ya jiwe la kwanza isionekane kwa lenzi. Kwenye 8000 vivyo hivyo. Maji yawe mengi, na wembe ukianza kunata kwenye jiwe kama kwamba unanyonywa, ni dalili njema. Ukiwa na 12000, mipito kumi na tano ya mkono mwepesi inatosha. Osha wembe na mikono kila unapobadilisha jiwe; punje moja ya jiwe la chini ikipanda juu, utarudi ulikotoka.

Hatua ya saba: mkanda

Jiwe linatengeneza makali, mkanda unayalaza. Mwombe fundi viatu kipande cha ngozi ya ng'ombe kisicho na rangi wala nakshi, upana wa sentimita 6 au 7, urefu wa 40, apachike pete upande mmoja. Tundika kwenye komeo, vuta kikaze.

Hapa mwelekeo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisahau na kutanguliza makali, utakata mkanda. Ukifika mwisho geuza juu ya mgongo, kamwe usigeuze juu ya makali. Nenda polepole, mara hamsini hadi sitini kabla ya kila kunyoa. Kasi ya vinyozi wa kwenye filamu ni ya kamera. Mkanda wangu wa kwanza una makovu kumi na moja, yote ya wiki ya kwanza.

Wembe ukitunzwa hivyo, jiwe hutalihitaji kwa miezi.

Kunyoa na kuhifadhi

Siku ya kwanza nyoa mashavu tu. Lowesha kwa maji ya moto, paka povu la kutosha, nyoosha ngozi, shika wembe kwa nyuzi 30 hivi kutoka usoni, fuata ndevu zinavyoelekea. Sisi wenye ndevu za kujikunja tusitafute ulaini wa kitako cha mtoto. Kukata udevu chini ya ngozi ndiko kunakoleta vipele shingoni, na mpito mmoja wa kufuata ndevu unatosha.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba, na bapa lina mahali pa kujificha kwenye ribiti na ndani ya mpini. Ukinunua wembe wa mtumba, ufute kwa spiriti kabla ya kuunoa na baada. Shemeji akiuomba mara moja tu, mnyime. Msemo wa mtoto akililia wembe mpe ulitungwa na mtu ambaye wembe haukuwa wake.

Ukimaliza, suuza, kausha kwa kitambaa hadi ndani ya mpini, uache wazi saa moja, kisha upake tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yanachacha, usiyatumie. Usiuhifadhi bafuni. Uweke kabatini ndani ya kopo lenye vile vipakti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu, na msimu wa masika, Machi hadi Mei, ufungue kila wiki uutazame, hasa chini ya ribiti, kwa sababu kutu ya Dar huanzia hapo.